Mistari Aliyoifuta Sebin

Jumamosi ile mchana Pyo Sebin alisimama pembeni mwa jukwaa, katika ukumbi wa maktaba moja ya Bucheon, akiwa ameshika kikombe cha chai ya shayiri iliyokwisha kupoa, akimwomba Mungu umeme ukatike.

Umeme haukukatika. Taa ziliwaka vizuri, kipaza sauti kilifanya kazi vizuri, na skrini kubwa iliyotundikwa ukutani ilionyesha ukurasa mweupe usio na doa. Chini ya skrini hiyo, kwenye meza yenye kompyuta kibao na kalamu yake, aliketi Do Gyuwon. Wasomaji waliojaa ukumbini walimjua kwa jina na kwa kazi yake tu, ile katuni ya kila wiki waliyoisoma kwenye simu wakiwa kwenye treni ya kwenda Seoul, wakiwa kitandani, wakiwa kazini wamejificha nyuma ya kompyuta. Sebin alimjua kwa mengine. Alijua anavyocheka kwa pua. Alijua anavyokoroma kidogo akisinzia kitini baada ya chakula cha mchana, na anavyokuwa mpole kupita kiasi akiwa ameumia. Alikuwa msaidizi wake, mtu wa kupaka rangi na kusafisha michoro, na tangu majira ya joto yaliyopita alikuwa pia mpenzi wake. Jambo hilo hawakumwambia mtu. Mama mwenye duka la tambi chini ya studio ndiye pekee aliyelitambua mwenyewe, akaacha kuwaletea sahani mbili za kimchi, ile kabichi ya kuchachushwa, akawa anawaletea moja.

Siri hiyo ilikuwa iishe siku ileile. Gyuwon alikuwa amemwambia asubuhi kwamba hafla ikiisha watakwenda kula na dada yake, Myeongsuk, na hapo mezani atamweleza dada kuwa anataka kumwoa Sebin. Myeongsuk alikuwa ameketi safu ya mbele, koti la kijivu limefungwa hadi shingoni, mkoba magotini. Ndiye aliyemlea Gyuwon wazazi wao walipofariki, kwa kuuza vitoweo sokoni, na mikono yake hadi leo ilinuka kitunguu saumu hata akiinawa mara ngapi. Alikwisha kuhisi kuna kitu kati ya ndugu yake na msaidizi wake, na hakukipenda. Yeye alikuwa amemchagulia binti wa rafiki yake wa kanisani, mfamasia, msichana mtulivu. Siku moja alimwambia Gyuwon wazi, Sebin akiwa chumba cha pili anasikia, kwamba mtu anayelipwa na wewe hawezi kukuambia ukweli.

Maneno hayo yalimkaa Sebin moyoni kama mfupa, kwa sababu yalikuwa kweli.

Mkono wa kulia wa Gyuwon ulianza kutetemeka majira ya baridi. Daktari alisema si ugonjwa wa kuua. Ulikuwa ni mtetemo unaorithiwa katika baadhi ya familia, nao ungekuja na kupungua lakini usingeondoka. Dawa zingeutuliza kidogo na kumlaza usingizi sana. Gyuwon alimwambia Sebin peke yake, akamsihi dada asijue. Kisha akarudi mezani kuchora, kwa kuwa wasomaji husubiri Ijumaa, hawasubiri daktari.

Kazi yao ilikuwa hivi. Asubuhi Gyuwon alichora mistari, mchana akamtumia Sebin faili apake rangi. Mchana mmoja Sebin aliivuta picha karibu, akaona sikio la mzee mmoja wa katika hadithi limechorwa kwa mstari unaoyumba kama mlevi. Alichukua kifutio, akalifuta sikio lile, akalichora upya jinsi Gyuwon alivyokuwa akilichora siku zote. Sikio tu. Wiki iliyofuata ikawa mkono, kisha bega, kisha mkunjo wa shati. Maua ya micheri yalipochanua alikuwa anafuta nyuso nzima. Alichagua kifutio chenye ncha ngumu ili pasibaki hata kivuli, na alipomaliza aliyaunganisha matabaka yote ya mchoro kuwa moja, ili hata Gyuwon mwenyewe akifungua faili asikute chini yake mstari wake hata mmoja.

Gyuwon alipouliza imekuwaje mistari yake imetulia, Sebin alimwambia ameongeza nguvu ya kile kipengele cha programu kinachonyoosha mistari. Kipengele hicho kipo kweli. Humshika mchoraji kama mtu anavyomshika kiwiko bibi kizee anapovuka barabara. Lakini hakiwezi kufanya aliyokuwa akifanya Sebin. Gyuwon alishukuru, akasema waliotengeneza programu ile wana akili sana.

Nao wasomaji wakaanza kuandika kwamba mistari ya katuni ile haijawahi kuwa hai namna hii. Sebin aliyasoma maoni yao ndani ya treni, uso ukamwaka moto kwa aibu. Kisha akarudi juu ya ukurasa na kuyasoma tena.

Hafla ilipopangwa, Mhariri Namgung wa kampuni yao alitangaza kwamba Gyuwon atamchora Chorong, msichana fundi saa ambaye ndiye moyo wa hadithi, mbele ya watu. Sebin alijaribu kuzuia. Alisema ukumbi ni wa baridi, alisema kompyuta ya watu haizoeleki, akaambiwa walete ya kwao. Asubuhi ile ya Jumamosi, wakifunga mizigo, Gyuwon alimwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile ya kunyoosha umeniwekea?"

Mdomo wa Sebin ulifunguka. Ukweli ulikuwa pale, juu ya ulimi. Akauona uso wake Gyuwon, kola yake aliyoipiga pasi mwenyewe, na lile sanduku dogo la keki aliyomnunulia dada.

"Nimekuwekea, mwalimu," alisema. Ndivyo wote kazini walivyomwita Gyuwon.

Sasa Gyuwon aliinua kalamu, na ukumbi ukanyamaza.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa paji la uso. Ulitoka umejikunja kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta. Gyuwon akaigeuza kalamu, akaufuta kwa kitako chake. Akachora tena, ukatoka vilevile. Akafuta. Kwenye skrini kubwa kila mtu aliliona duara dogo la kifutio likipita juu ya mstari na kuula polepole, nyuma yake kukibaki weupe. Mchoraji hufuta kila siku, lakini hufuta peke yake, mlango umefungwa. Gyuwon alifuta mbele ya ukumbi mzima. Mtu mmoja alicheka akidhani ni mzaha, wenzake wakamnyamazisha, na ule unyamavu ukawa mbaya kuliko kicheko. Akafungua mipangilio, akakisukuma kile kipengele cha kunyoosha hadi mwisho wake, akachora shavu. Kalamu ilikwenda, mstari ukaifuata kwa kuchelewa, na bado ukayumba.

Hapo akainua macho. Hakuwatazama wasomaji, alimtazama Sebin. Hapakuwa na hasira machoni pake. Alimtazama kama mtu aliyesimama kwenye maji akimtazama mwenzake aliye ukingoni, akisubiri neno lake.

Sebin aliinamisha uso.

Mhariri Namgung, jasho likimtoka, alimsogelea na kumnong'oneza kwamba mwalimu amechoka, apande amalizie, watu watalichukua kuwa ni mchezo wa mwalimu na msaidizi wake. Sebin angeweza kukataa. Baadaye alikumbuka vizuri kwamba angeweza. Lakini alifikiri anakwenda kumwokoa, miguu ikamchukua. Gyuwon alimpisha kiti, akasimama kando, mkono wa kulia mfukoni.

Sebin alifuta yote yaliyobaki, kisha akavuta mstari mmoja kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Ulishuka safi, wa uhakika, mwembamba pale unapotakiwa uwe mwembamba. Akaweka macho, akaweka mdomo. Ukumbi ukapumua kwa pamoja, kisha ukapiga makofi. Sauti moja ya nyuma ilisema huyo sasa ndiye Chorong wao wanayemjua.

Makofi yale yalipokuwa yanaanza kufifia, mwanamke mmoja wa safu za katikati, bila ubaya wowote, alimwambia jirani yake kwa sauti iliyosikika na wote, "Tazama, anafanana na huyo dada anayechora."

Watu walitazama. Sebin naye aligeuka, akatazama skrini. Kidevu kidogo. Macho yaliyoachana. Mdomo wa juu ulioinuka kidogo kana kwamba mtu anataka kuuliza kitu. Kila asubuhi alikiosha kidevu hicho mbele ya kioo. Hakuwa amekusudia, hata siku moja, lakini alikuwa amejichora wiki baada ya wiki katika kazi ya mtu mwingine, na nchi nzima ilikuwa imemsoma.

Alitamani kifutio kingekuwa kikubwa kiasi cha kumfuta yeye.

Katika chumba cha nyuma ya jukwaa walikutana watatu. Gyuwon alisimama dirishani akitazama maegesho ya magari. Myeongsuk aliingia, akafunga mlango taratibu, akaweka mkoba wake juu ya kiti. Sebin aliinama hadi kiunoni na hakujua ainuke saa ngapi. Dada alimwuliza ameanza lini kuchora mahali pa Gyuwon, akajibu tangu majira ya baridi. Akamwuliza ndugu yake mkono umeanza lini, naye akajibu hivyohivyo.

"Na mimi mngeniambia lini?" Myeongsuk aliuliza.

Myeongsuk alimsogelea Sebin. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea kwenye msiba.

"Inuka, binti. Unajua uso wa yule Chorong ulikuwa wa nani?"

"Sijui, dada."

"Wa mama yetu. Uso mrefu, na taya la upande mmoja limezidi kidogo. Hatuna picha yake hata moja ya ujanani. Mimi sijui katuni, kila Ijumaa nafungua simu ili nimwone mama tu. Halafu akaanza kupotea. Kidogo kidogo. Nikasema moyoni, huyu mdogo wangu anamsahau mama. Kumbe ni wewe. Umemfuta mama yetu, ukajiweka mwenyewe."

Sebin aliinua kichwa. Alimtazama Gyuwon. Alitaka macho yake tu, hata yakiwa ya kumlaumu. Gyuwon alichukua koti lake kwa mkono wa kushoto, akasema, "Dada, twende," akapita ubavuni mwa Sebin karibu kiasi cha koti kumgusa, na hakugeuka.

Keki ilibaki mezani ndani ya sanduku lake.

Jumapili yote Sebin alikaa chumbani kwake. Baba yake, mtu wa maneno machache aliyestaafu kuendesha basi, alimgongea mlango kumwita chakulani, na alipojibiwa kuwa hana njaa alimwambia njaa haijali maneno kama hayo, itamfuata humohumo. Lakini hakumlazimisha. Mtu fulani alikuwa ameweka mtandaoni video ya Gyuwon akichora na kufuta. Wengine walimhurumia. Wengine waliandika kwamba wamekuwa wakidanganywa, wakataka kujua ni nani hasa mchoraji. Wachache walimsifu Sebin, wakasema msichana ana mkono kuliko bwana wake, na sifa hizo ndizo zilizomchoma kuliko matusi. Alizima simu, akaifunika kwa mto kama mtu anayemziba mtoto macho.

Jumatatu asubuhi alikwenda studio kurudisha ufunguo. Alitaraji kukuta pamefungwa. Alimkuta Gyuwon ameketi mahali pake, skrini mbele yake imewaka na ukurasa ni mtupu, kalamu imelala juu ya meza. Alikuwa hajanyoa ndevu, na shati lilikuwa lilelile la Jumamosi. Alimwambia aketi, na Sebin, kwa kuwa hakuona tena haki ya kukalia kiti chake, akaketi kwenye kile kigoda cha wageni karibu na mlango.

Aliomba msamaha. Aliusema kwa mpangilio, kama alivyoupanga ndani ya treni, na ulipofika mwisho ukasikika kama barua ya kuacha kazi. Gyuwon alisikiliza. Kisha akamwuliza alianzia wapi, naye Sebin akamweleza habari ya sikio la mzee.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Niliona haya, mwalimu."

"Haya ya nini? Mkono ulikuwa wangu."

Sebin alivikunja vidole vyake magotini. Hili hakulipanga ndani ya treni.

"Mwanzo ilikuwa huruma. Nilisema nakulinda. Lakini baadaye niliona raha. Nilikuwa nasubiri saa ya kufuta. Watu wakisifu, nilikuwa najua wananisifu mimi, na nafurahi, halafu nakutazama unavyonishukuru, nasikia kichefuchefu. Na kesho yake nafanya tena. Hilo ndilo lililonishinda kulisema. Si kwamba mkono wako umeharibika. Ni kwamba kuharibika kwake kulikuwa kunanifaa."

Alipomaliza alikuwa ametazama sakafu. Alisikia kiti cha Gyuwon kikilia, akadhani anaondoka. Gyuwon alikuwa amegeuza kiti tu kumwelekea.

"Kuna siku nilichora kunguru," alisema. "Wakati wa micheri. Nilimchora vibaya kwa makusudi, bawa moja refu, jingine kama la kuku aliyenyeshewa. Nikakutumia. Ijumaa nikafungua simu, nikamkuta anaruka vizuri kabisa."

Sebin aliinua uso.

"Nilijua, Sebin. Tangu siku hiyo nilijua. Nikasubiri useme. Nikawa nakuuliza, programu imefanya kazi? Unasema, imefanya kazi. Nami nasema ahsante. Tumekaa chumba kimoja wakati wote huo tunadanganyana kwa adabu, mimi nakushukuru na wewe unainama."

"Kwa nini na wewe hukusema?"

"Kwa sababu nilizitaka zile sifa." Alicheka kwa pua, lakini macho yake hayakucheka. "Jina langu lilikuwa juu, mkono wangu umekwisha, na bado watu wananipenda. Nani angeliacha hilo? Na niliogopa. Nilijiambia, nikisema najua, ataona haya, ataondoka. Na mtu aliyeona kila mstari wangu mbovu, akaufuta, akarudi kesho yake kunitengenezea kahawa, huyo akiondoka mimi nabaki na nini?"

Alieleza kuwa Jumamosi alikunywa dawa asubuhi, akadhani itamshikilia angalau kwa uso mmoja. Na alipoinua macho jukwaani, alikuwa hamtafuti mtu wa kumchorea.

"Nilikutazama ili uje useme," alisema. "Useme tu, mkono wake ni mgonjwa. Mimi mdomo wangu ulikataa. Nikategemea wako."

Maneno hayo yalimwingia Sebin kuliko ya Myeongsuk. Aliwaona tena watu wote wale, na yeye akipanda ngazi za jukwaa haraka haraka kwenda kufanya kitu pekee ambacho hakikutakiwa. Alilia, si kwa sauti. Gyuwon hakuja kumfuta machozi. Alisubiri amalize, na kwa namna fulani huo ulikuwa upole mkubwa zaidi.

"Na uso wa mama?" Sebin aliuliza baadaye. "Huo siwezi kuurudisha. Niliunganisha matabaka yote."

"Uso wa mama mimi ndiye nilianza kuupoteza. Lile taya halitoki tena mkononi mwangu, nimelijaribu tangu alfajiri. Wewe ulifuta kitu ambacho tayari kilikuwa si yeye. Dada nitamweleza."

Alimwonyesha alichokuwa ameandika kwa wasomaji. Kilikuwa kifupi. Kilisema mkono wake ni mgonjwa, kilisema mistari ya tangu majira ya baridi ni ya Pyo Sebin, na kwamba wote wawili walijua na wote wawili walinyamaza. Sebin alimsihi aondoe sehemu ya "wote wawili", abaki yeye peke yake mwenye kosa. Gyuwon alikataa. Akabonyeza, kikaenda.

"Jambo moja zaidi," alisema. "Sitaki uwe msaidizi wangu tena."

Sebin aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekuja kwa hilo. Aliweka ufunguo juu ya meza, akakusanya vitu vyake, kikombe, mto wa kiti, zile kandambili za manyoya za ndani ya nyumba, akainama na kutoka kabla Gyuwon hajapata neno la pili. Alimsikia akiita jina lake. Hakusimama. Alikuwa na haya hata ya kusikia jina lake linavyotamkwa na yeye.

Katikati ya ngazi alikutana uso kwa uso na Myeongsuk anapanda, amebeba mkoba wa kitambaa wenye vyombo vya chakula. Ngazi ilikuwa nyembamba. Sebin alijibana ukutani na kandambili zake kifuani, akainama, akaomba msamaha tena kwa sauti iliyokwisha. Alitaraji dada apite.

Myeongsuk hakupita. Alizitazama zile kandambili.

"Kakufukuza?"

"Ndiyo, dada. Ana haki."

Myeongsuk aliweka mkoba chini kwenye kipandio. Alionekana mzee kuliko Jumamosi. Aliongea bila kumtazama Sebin.

"Tangu majira ya baridi hali samaki wangu. Nikimkaangia, anasema daktari kamkataza mafuta. Nikimchemshia, anasema harufu. Nilikasirika. Nilimwambia umekuwa bwana mkubwa, chakula cha sokoni hukitaki tena. Jana usiku wa manane nikaamka nikaketi kitandani. Vijiti vya kulia. Hawezi kuchambua miiba kwa vijiti, na hakutaka nione." Alijifuta pua kwa kiganja. "Mikono hiyo nimeiosha mimi, binti. Nimeikata kucha. Imeharibika mbele yangu, mezani kwangu, na mimi nanung'unika habari ya samaki. Wewe uliona. Ulifanya ujinga, na sijakusamehe, lakini uliona. Mimi sikuona."

Sebin hakuthubutu kumgusa. Alisema tu kwamba Gyuwon alimficha dada kwa kuwa anaogopa kumwumiza. Myeongsuk akasema anajua, na ndiyo maana inauma. Kisha akauinua mkoba, akamkabidhi Sebin kana kwamba ni jambo lililokwisha kujadiliwa.

"Beba. Magoti yangu hayawezi hizi ngazi na mzigo."

Gyuwon alikuwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anahangaika na kamba zake. Alipowaona wawili hao wakipanda pamoja alisimama hivyohivyo kama mtoto aliyekamatwa. Alijaribu kueleza kwamba Sebin ameondoka kabla hajamaliza kusema. Alisema hamtaki kuwa msaidizi kwa sababu hataki kumlipa mshahara mtu anayetaka kumwoa, na kwamba kama katuni itaendelea, jina la Sebin litakaa kando ya la kwake, siyo chini yake. Alisema yote hayo kwa mkupuo mmoja, mbele ya dada yake, akiwa na kiatu mkononi. Sebin uso ulimwiva hadi masikioni. Alivua viatu, akavaa kandambili zake, na hakuna aliyemhimiza ajibu.

Myeongsuk alikuwa tayari ameuchukua mkoba na kupita ndani, anasogeza makaratasi, anafungua vyombo. Wali, figili, mchicha wenye ufuta, na samaki mzima wa kukaanga ambaye hata Sebin, mwenye aibu yake yote, alimsikia kwa tumbo.

Waliketi. Gyuwon alitoa mkono wa kulia mfukoni, kwa mara ya kwanza mbele ya dada yake, akauweka juu ya meza. Ulitetemeka. Myeongsuk aliutazama kwa muda, midomo imebanwa, kisha akageuka akajifanya anatafuta chumvi. Gyuwon alichukua vijiti, vikateleza, kimoja kikagonga bakuli.

Mikono ya Sebin iliinuka yenyewe. Ilikuwa imezoea. Aliiona ikienda kwenye sahani ya mtu, akairudisha magotini.

"Nikuchambulie?" aliuliza.

Gyuwon alimtazama. Yalikuwa macho yaleyale ya jukwaani, na safari hii Sebin hakuinamisha uso.

"Hapana," alisema. "Ngoja nijaribu. Ule mwiba mkubwa tu wa katikati, huo nitolee."

Sebin aliutoa ule mmoja, akaacha. Gyuwon aliweka vijiti pembeni, akala kwa vidole, taratibu, nyama nyingine ikimdondokea kwenye shati lile la kola iliyopigwa pasi, na Sebin akalitazama kila tonge linavyopanda, roho juu, asimsaidie.

Myeongsuk alimsogezea bakuli la figili.

"Kula na wewe, wifi," alisema, bila kuinua uso. "Ukimkodolea macho hivyo, atapaliwa."